Fidia ya Mfanyakazi Aumiaye Kazini: Asili Yake na Safari Yake hadi Afrika ya Mashariki

Neno fidia ni la kale katika Kiswahili, lakini maana yake ya asili si malipo ya mtu aliyeumia kazini. Limetoka katika Kiarabu, na huko ni mali itolewayo kumkomboa mateka, au kukomboa wajibu uliomshinda mtu, kama chakula cha maskini kitolewacho na mzee asiyeweza tena kufunga Ramadhani. Kwa malipo ya damu na ya majeraha, watu wa Pwani waliosoma fikihi walikuwa na maneno mengine mawili: diya, kwa uhai uliopotea, na arshi, kwa jeraha au kiungo kilichokatika. Zilipokuja sheria za kazi zilizotungwa kwa Kiingereza, maneno hayo mawili hayakutumiwa. Likashika neno fidia. Kwa maoni yangu hivyo ndivyo ilivyofaa, japo huenda walioliteua hawakulifikiri jambo hili kwa mapana yake. Diya haipatikani mpaka ajulikane aliyetenda. Na sheria nitakayoieleza hapa msingi wake ni kwamba haimtafuti aliyetenda.

Sheria hiyo yamhusu kila aajiriye na kila aajiriwaye, walakini wengi huikumbuka siku ya msiba tu, na kwa hiyo huifahamu nusu nusu. Mfanyakazi hudhani ni sadaka ya tajiri; tajiri hudhani ni faini aliyotozwa. Si sadaka wala si faini. Ni mapatano, na kila upande ulitoa kitu ili upate kitu. Ili kuyafahamu mapatano hayo yatubidi kurudi nyuma tuone hali ilikuwaje kabla hayajafanywa. (Neno tajiri nalitumia kwa maana yake ya zamani, yaani mwajiri, awe na mali au asiwe nayo. Mwisho wa makala haya tutakutana nalo tena.)

Mwaka wa 1835, katika Uingereza, mwuza nyama mmoja aitwaye Thomas Fowler alimwamuru mtumishi wake, Charles Priestley, aende na gari la farasi kupeleka nyama. Gari lilikuwa limepakiwa kupita nguvu zake; likavunjika njiani, na Priestley akavunjika paja. Akamshtaki bwana wake. Mwaka uliofuata, katika mji wa Lincoln, baraza la waamuzi likamwamuru Fowler alipe pauni 100. Fowler hakuridhika, na mwaka wa 1837 mahakama ya Exchequer, chini ya jaji wake mkuu Lord Abinger, ikaitengua hukumu ile. Hoja zake zafaa kukumbukwa. Alisema, ikiwa bwana atalazimishwa kulipa katika shauri kama hili, basi itambidi pia amlipe mtumishi aliyelazwa na mjakazi katika kitanda chenye unyevu, na yule aliyeangukiwa na nyumba kwa kosa la mwashi, na mambo hayo hayatakuwa na mwisho. Tena mtumishi hafungwi kupanda gari analoona kuwa limejazwa mno, aweza kukataa.

Katika mbegu hiyo ikaota kanuni iliyowatesa wafanyakazi wa Uingereza kwa zaidi ya miaka 100, maana haikufutwa kabisa mpaka mwaka wa 1948: ya kuwa tajiri hana deni kwa mfanyakazi aliyeumizwa na kosa la mfanyakazi mwenziwe. Mwaka wa 1842 mahakama ya Massachusetts, katika Marekani, iliipokea na kuipamba kwa falsafa. Dereva wa gari la moshi, Nicholas Farwell, alipoteza mkono wake wa kulia kwa sababu mwenziwe aliyekuwa na kazi ya kugeuza reli alikosea. Jaji Lemuel Shaw akasema kwamba dereva alikuwa akipata dola 2 kwa siku, na kwamba hatari ya kazi ilikwisha kuhesabiwa ndani ya mshahara huo. Yaani mkono ulikuwa umelipiwa kabla haujakatika.

Katika nyumba ya mwuza nyama mwenye mtumishi mmoja au wawili, kanuni hiyo haikudhuru watu wengi. Lakini ipeleke katika kiwanda chenye watu 1,000. Mwenye kiwanda hagusi mashine, pengine hakai hata mji ule. Kila kosa litendekalo humo ni la mfanyakazi fulani: msimamizi, fundi, mtia mafuta. Basi kila aumiaye ameumizwa na mwenziwe, na tajiri hadaiwi kamwe. Kanuni hiyo ilikuwa na ndugu zake wawili. Wa kwanza alisema kwamba mwenye kuijua hatari akaendelea na kazi ameikubali hatari ile. Wa pili alisema kwamba aliyechangia kuumia kwake, hata kwa uzembe mdogo, hapati kitu. Mfanyakazi aliyeweza kuziruka kuta hizo tatu alikuwa bado na kazi ya kumlipa wakili na kuwapata mashahidi, na mashahidi wenyewe walikuwa watu wale wale waliokula mshahara wa tajiri anayeshtakiwa. Waliovunjika waliishi kwa michango ya wenzao. Vyama vya kufa na kuzikana, mfano wa hivi tulivyo navyo huku kwetu, vilikuwa vingi sana Uingereza na Ujerumani, na kabla ya sheria ndivyo vilivyokuwa bima ya maskini.

Mabadiliko makubwa ya kwanza hayakutoka kwa rafiki wa wafanyakazi. Yalitoka kwa Otto von Bismarck, Chansela wa Ujerumani, ambaye mwaka wa 1878 alikuwa amevipiga marufuku vyama vya kijamaa, naye sasa alitafuta njia ya kuwavuta wafanyakazi upande wa Dola. Ujerumani ilikuwa na sheria ya mwaka wa 1871 iliyowabana wenye reli, lakini katika migodi na viwanda mfanyakazi alipaswa bado kuthibitisha kosa la msimamizi. Sheria hiyo haikumpendeza mtu. Wafanyakazi waliona hawashindi kesi. Matajiri waliona wanavutwa kortini kila siku, na chuki yaingia kiwandani. Mwaka wa 1880 alikuwa ni mkuu wa viwanda vya chuma huko Bochum, Louis Baare, aliyeleta shauri kwamba kesi ziachwe na mahali pake pawekwe bima. Tarehe 17 Novemba 1881 Kaisari akalitangazia Bunge kwamba Dola italishika jambo hilo. Miswada miwili ya kwanza ilishindwa, kwa kuwa Bismarck alitaka Serikali nayo itie fedha yake na kuisimamia bima, na Bunge halikutaka. Mswada wa tatu ukawa sheria tarehe 6 Julai 1884, ukaanza kutumika tarehe 1 Oktoba 1885.

Sheria hiyo yastahili kutazamwa kwa makini, maana ndani yake mna mifupa ya sheria zote zilizofuata. Matajiri wa kila aina ya kazi walilazimishwa kuingia katika chama kimoja: wa migodi chao, wa nguo chao, wa ujenzi chao. Wao peke yao ndio waliochanga. Mfanyakazi hakukatwa hata senti kwa ajili ya ajali. Kila mwaka gharama zote zilijumlishwa, kisha zikagawanywa kwa wanachama kwa kadiri ya mishahara waliyolipa na hatari ya kazi zao. Majuma 13 ya kwanza ya kuumia yalikuwa juu ya bima ya maradhi, ambayo wafanyakazi nao waliichangia. Baada ya hapo, aliyeshindwa kabisa kufanya kazi alipata theluthi mbili ya mshahara wake. Akifa, mjane wake alipata sehemu 20 katika 100 za mshahara, na kila mtoto sehemu 15, lakini jumla yao isizidi 60. Nani alikosea? Haikuulizwa, maadamu mtu hakujiumiza kwa makusudi.

Tena vyama vile vilipewa mamlaka ya kuweka kanuni za usalama na kutuma wakaguzi viwandani. Jambo hili laonekana dogo, na kwa maoni yangu ndilo kubwa kupita yote. Mwenye kiwanda ambaye zamani aliona kinga ya mashine kuwa gharama ya bure, sasa aliona kwamba vidole vya mfanyakazi wa jirani yake vinalipwa kwa fedha yake mwenyewe. Akaanza kumchungulia jirani.

Msomaji aliyekaa darasani kwa masheikh hataona ugeni mkubwa hapa. Katika fikihi mtu akiua kwa bahati mbaya, diya haimwangukii peke yake. Hulipwa na jamaa zake waitwao aqila, na malipo hugawanywa katika miaka mitatu ili yasimwangamize mtu. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi katika Pwani yetu, aqila ni ndugu wa upande wa kuumeni. Wanazuoni wa Hanafi walikwenda mbali zaidi, wakasema kwamba ikiwa pana watu wasaidianao kwa ufundi wao, basi aqila yao ni wenye ufundi ule. Sisemi kwamba Wajerumani waliiga, hawakuiga. Nasema tu kwamba wazo la kuutandaza msiba mmoja juu ya mabega mengi halikuzaliwa Berlin, na mwalimu atakaye kuieleza bima hii kwa wanafunzi wa Lamu au Unguja ana mfano karibu naye kuliko ule wa migodi ya Bochum.

Uingereza ilifuata njia nyingine. Mwaka wa 1897 Bunge lake lilipitisha sheria iliyosukumwa na Joseph Chamberlain, ikaanza kazi tarehe 1 Julai 1898. Nayo iliondoa swali la kosa, ikaweka mahali pake maneno machache ambayo mpaka leo yamo katika sheria nyingi za Afrika: ajali iwe imetokana na kazi, tena imetokea katika kazi. Aliyeumia alipata nusu ya mshahara, isizidi pauni moja kwa juma, kuanzia juma la tatu. Aliyekufa, waliomtegemea walipata mshahara wake wa miaka mitatu, isipungue pauni 150 wala isizidi 300. Mwanzoni sheria ilihusu reli, viwanda, migodi, machimbo ya mawe, kazi za uhandisi, na majengo yaliyozidi futi 30 kwenda juu. Kwa hiyo waashi wa nyumba fupi hawakuwamo, wala wachunga ng'ombe, wala mabaharia. Wakulima waliingizwa mwaka wa 1900. Na mwaka wa 1906 mlango ukafunguliwa kwa karibu wafanyakazi wote wa mikono, pamoja na mabaharia, na maradhi sita ya kazini yakahesabiwa kama ajali, mojawapo likiwa sumu ya risasi.

Lakini Waingereza hawakuunda vyama vya matajiri wala mfuko wa pamoja. Deni lilikuwa juu ya tajiri mmoja mmoja. Akitaka, akate bima katika kampuni ya biashara. Asipotaka, abebe mwenyewe. Matokeo yake yalikuwa mawili. La kwanza, kampuni ya bima hupata faida kwa kutolipa, na kwa hiyo yale maneno machache, "imetokana na kazi, tena imetokea katika kazi", yakawa shamba la mawakili. Je, aliyeanguka katika ngazi za kiwanda akienda kula? Aliyepigwa na radi juu ya paa analoliezeka? Aliyeumizwa katika mzaha wa wenziwe? Sheria iliyotungwa ili kesi ziishe ikazaa maelfu ya kesi. La pili, tajiri asiye na bima akifilisika, haki ya mfanyakazi ilikufa pamoja na duka. Katika migodi ya makaa ya mawe jambo hilo lilitokea mara nyingi hata mwaka wa 1934 ikabidi bima iwe lazima kwa wenye migodi. William Beveridge, katika ripoti yake mashuhuri ya mwaka wa 1942, aliuhukumu mpango wote kuwa wa ugomvi na wa gharama, akashauri uondolewe. Ukaondolewa kwa sheria ya mwaka wa 1946 iliyoanza kazi tarehe 5 Julai 1948, na bima ya ajali za kazini ikawa ya Serikali.

Marekani walichelewa, na kuchelewa kwao kuna tarehe mbili zisizosahaulika. Tarehe 24 Machi 1911 mahakama ya juu ya New York ilibatilisha sheria ya fidia ya jimbo lile, ikisema kwamba kumlipisha tajiri asiye na kosa ni kumnyang'anya mali yake. Kesho yake, tarehe 25, moto uliwaka katika kiwanda cha nguo cha Triangle, mjini New York, wakafa watu 146, wengi wao wasichana. Mwaka wa 1913 katiba ya jimbo ilirekebishwa, na sheria mpya ikapitishwa. Nayo ilipopelekwa katika Mahakama Kuu ya Marekani mwaka wa 1917, majaji waliithibitisha. Sababu waliyoitoa ndiyo maelezo bora niyajuayo ya mapatano haya. Tajiri ameachiwa asishtakiwe kwa fedha zisizo na kikomo. Mfanyakazi ameachiwa asithibitishe kosa. Wa kwanza ametoa kinga zake za zamani, wa pili ametoa haki yake ya kudai malipo kamili. Hakuna aliyepokonywa bila kupewa badala.

Hapo ndipo msomaji aone kwamba mapatano haya yana sharti lisilosemwa kwa sauti. Mfanyakazi amekubali kidogo badala ya kingi, kwa kuwa kidogo ni cha hakika. Kidogo hicho kikipungua mpaka kikawa si kitu, au kikikosa mlipaji, basi mapatano yamevunjika, nayo kinga ya tajiri yabaki pale pale. Historia ya Afrika ya Mashariki ni ushahidi wa jambo hili.

Sheria ya Chamberlain ilipopita mwaka wa 1897, reli ya Uganda ilikuwa ikitandikwa kutoka Mombasa. Kazi ilianza mwaka wa 1896, ikafika ziwani mwaka wa 1901. Wafanyakazi karibu 32,000 walitolewa India. Karibu 2,500 walikufa, na zaidi ya 6,000 walirudishwa kwao kwa maradhi au vilema. Watu wengi huikumbuka reli ile kwa simba wa Tsavo, na simba walikula watu wachache sana kuliko homa, kuhara na magogo ya reli. Sheria ya London haikuvuka bahari. Reli za Uingereza zilikuwamo katika orodha yake ya kwanza kabisa. Reli iliyojengwa kwa fedha ya Uingereza huku haikuwamo.

Miaka mingi ikapita hivyo. Mwaka wa 1925 Shirika la Kazi la Kimataifa, huko Geneva, lilitoa mikataba juu ya fidia ya ajali na ya maradhi ya kazini, na mwingine ulioagiza kwamba mfanyakazi mgeni apate fidia sawa na mwenyeji. Huu wa mwisho uligusa nchi zetu moja kwa moja, maana mashamba ya mkonge ya Tanganyika yaliishi kwa watu waliotoka mbali, wakiwamo Wamakonde wa Msumbiji na watu wa Ruanda na Urundi. Mtambo wa kusaga majani ya mkonge, ambao wafanyakazi huuita korona, hauulizi kabila la mkono. Hata hivyo amri za fidia zenye nguvu zilikuja baadaye, katika miaka ya 1940, baada ya migomo ya makuli wa bandari katika Mombasa na Dar es Salaam mwaka wa 1939 kuishtua Serikali, na baada ya Vita Kuu ya Pili kuongeza haja ya mkonge na ya watu wa kuukata. Mwishoni mwa miaka hiyo Kenya na Tanganyika zote mbili zilikuwa na sheria zao.

Sheria hizo zilikatwa kwa kigezo cha Uingereza: ajali iliyotokana na kazi, deni juu ya tajiri mmoja mmoja, jedwali la viungo ambamo macho mawili au mikono miwili ni 100 kwa 100 na vingine hupungua, na malipo ya mkupuo badala ya pensheni. Malipo ya marehemu yaliwekwa kortini, korti ikawagawia waliomtegemea. Na hapa pana kinyume cha kuchekesha, kama si cha kuliza. Kigezo hicho kilipelekwa makoloni katika miaka ile ile ambayo Waingereza wenyewe walikuwa wakikitupa kwao, wakiisha kuona kwamba hakifai.

Mkupuo huo ulikuwa na ila yake. Mtu aliyekatwa mguu akiwa na miaka 25 hupewa fedha za mara moja. Zikiisha, mguu haujaota. Lakini ila kubwa zaidi ilikuwa katika kikomo. Sheria iliweka kiasi ambacho malipo hayawezi kukipita, na kiasi hicho kiliandikwa kwa shilingi. Katika Tanzania Bara kikomo cha mwisho chini ya sheria hiyo ya zamani kilikuwa shilingi 108,000 kwa ulemavu wa kudumu na shilingi 83,000 kwa kifo. Shilingi ilishuka mwaka baada ya mwaka, kikomo kilikaa. Mwaka wa 2015, dola moja ya Marekani ilipokuwa shilingi elfu mbili hivi, uhai wa mfanyakazi mbele ya sheria ile ulikuwa kama dola 40 na kitu. Na jambo la ajabu, aliyefanywa kiwete alipimwa kuwa na thamani kuliko aliyekufa, jambo ambalo lina hoja yake kwa kuwa kiwete bado anakula, lakini mjane hakuielewa hoja hiyo.

Linganisha na diya. Fikihi iliikadiria kwa ngamia: 100 kwa uhai wa mwanamume, 50 kwa jicho moja, 10 kwa kila kidole, 5 kwa jino. Imepokewa kwamba zamani thamani ya ngamia hao ilikuwa dinari 800, na kwamba Khalifa Umar bin Khattab alipoona ngamia wameghali, alisimama akatangaza ya kuwa wenye dhahabu watalipa dinari 1,000, na wenye fedha dirhamu 12,000. Mtawala wa karne ya saba alijua kwamba kipimo cha fedha huoza kisipotazamwa. Watunga sheria wa karne ya ishirini, waliokuwa na makarani na vitabu vya hesabu, waliliacha jambo hilo kwa miongo. Sitaki kukuza mfano kupita kiasi, maana diya nayo ina matabaka yake ya watu ambayo sheria za leo haziyakubali. Lakini juu ya kipimo, wazee walitutangulia.

Tanzania Bara iliibadilisha sheria mwaka wa 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ukaanza kukusanya michango tarehe 1 Julai 2015. Kwa mabadiliko hayo nchi ilitoka katika njia ya Chamberlain ikaingia karibu na ile ya mwaka wa 1884: mwajiri huchanga katika mfuko mmoja, na mfuko ndio ulipao, hata yeye akifilisika au akifunga ofisi usiku. Mchango wa sekta binafsi ulianza kwa 1 kwa mia ya mishahara, ukateremshwa kuwa 0.6 mwaka wa 2021, kisha 0.5 mwaka wa 2022, sawa na wa sekta ya umma. Mfanyakazi hakatwi. Na badala ya kikomo cha shilingi zilizooza, malipo hufuata mshahara wenyewe: aliye kitandani kwa muda hupata sehemu 70 katika 100 za pato lake, na mwenye ulemavu wa kudumu uliozidi 30 kwa mia hupewa pensheni ya kila mwezi, aliye chini ya hapo hupewa mkupuo. Matibabu, mazishi na mafunzo ya kumrudisha mtu kazini yamo pia.

Kenya imebaki na kampuni za bima. Sheria yake ya mwaka wa 2007 yamlazimu mwajiri kukata bima, na malipo ya kifo au ya ulemavu kamili ni pato la miezi 96. Lakini iliondoa mlango wa kushtaki kortini, na madai yote yakapelekwa kwa mkurugenzi wa usalama na afya kazini. Mawakili walipinga, mwaka wa 2009 Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu kadhaa, mwaka wa 2017 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo kwa sehemu kubwa, na Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikaafiki. Kwa miaka kumi waajiri na majeruhi walikuwa hawajui waende mlango upi. Tena bishano lilikuwa lile lile la New York: je, yafaa kumfungia mtu korti, na kwa badala gani?

Kwa mfanyakazi wa kawaida matata huanza mapema kuliko hapo. Katika nchi zote mbili mwajiri ana siku saba za kutoa habari ya ajali, na mdai ana miezi 12. Fundi aliyeangukiwa na nondo akapelekwa nyumbani kwa kitambaa na shilingi kidogo za dawa, asiandikwe popote, hana ajali mbele ya sheria. Kutojulikana jina lake katika orodha ya mishahara kwaweza kumnyima zaidi ya uzembe wowote wa msimamizi.

Na wako wasio na orodha yoyote. Kwa kuwa michango hupimwa kwa mishahara, asiye na mshahara hana wa kumchangia. Dereva wa bodaboda katika Dar es Salaam au Tanga mara nyingi huendesha pikipiki ya mtu mwingine, na kila jioni hupeleka hesabu. Hapewi mshahara, yeye ndiye alipaye, na kinachobaki ndicho chake. Akivunjika paja, kama Priestley na gari lake la nyama, mwenye pikipiki atasema kwamba hakumwajiri, alimkodisha chombo. Yeye dereva, ukimwuliza pikipiki ni ya nani, atakujibu kwa neno moja: ya tajiri.